Pulp: albamu nane za vijana wa Sheffield, uanze na ipi?

Haya watazamaji wangu, karibuni sana. Mezani leo kuna albamu nane, zote za bendi moja: Pulp, kutoka Sheffield, kaskazini mwa Uingereza. Nitawaambia ipi mnunue kwanza, ipi isubiri, na kwa nini naamini kwamba katika bendi zote za gitaa zilizovuma Uingereza miaka ya tisini, hakuna iliyoandika mashairi kuwashinda hawa.

Kuna jambo moja mlijue kwanza, maana bila hilo hamtawaelewa. Pulp walichelewa mno kufanikiwa. Jarvis Cocker, mwimbaji wao, aliianzisha bendi hii mwaka 1978, akiwa mwanafunzi wa miaka 15. Mwaka 1981 wakaitwa kurekodi kwenye kipindi cha John Peel wa BBC, mtangazaji ambaye kila kijana mwenye gitaa alimtafuta. Ungedhani njia imefunguka. Wapi! Albamu ya kwanza, It, ilitoka 1983 ikapita kimyakimya. Wanamuziki wakawa wanaingia na kutoka. Mwaka 1985 Jarvis alianguka kutoka dirishani akijionyesha kwa msichana, akaumia vibaya, na kwa muda akawa anapanda jukwaani kwenye kiti cha magurudumu. Freaks ikaja 1987. Separations waliirekodi 1989 lakini haikufika madukani mpaka 1992. Katikati ya hayo yote Jarvis alishahamia London kusomea filamu katika chuo cha Saint Martins.

Hizo tatu za mwanzo ziacheni kwanza. Freaks ina giza zuri, ila sauti yake ni ya watu waliorekodi kwa haraka na kwa fedha kidogo. Kwenye Separations utafuteni wimbo mmoja tu, My Legendary Girlfriend. Jarvis ananong'ona juu ya mdundo wa disko, na hapo ndipo Pulp tunaowajua walipozaliwa.

Sasa nisikilizeni vizuri. Miaka ile ya kusota ndiyo iliyowapa nyimbo. Mtu akikaa muda mrefu hivyo bila jina, anapanga chumba cha bei rahisi, anavaa mitumba, anaona maisha ambayo nyota aliyevuma akiwa na miaka 20 hawezi kuyaona. Anajua ukuta wa chumba jirani unavyopitisha sauti, na aibu ya kukutana na mliyesoma naye akiwa ameolewa na ana mtoto. Jarvis alipopata kipaza sauti cha maana, mambo ya kusema alikuwa nayo tele.

Kipaza sauti hicho kilikuja na lebo ya Island, yaani kampuni ya kutoa muziki. His 'n' Hers ya 1994 ni nzuri, vinanda vya Candida Doyle vinang'aa, na Babies ni wimbo wa kurudia usiku kucha. Lakini twende 1995.

Common People ilitoka Mei mwaka huo ikafika namba mbili kwenye chati ya Uingereza. Ni kisa cha mwanafunzi kutoka Ugiriki, binti wa tajiri, anayetaka kuonja maisha ya watu wa kawaida. Jarvis anamjibu kwamba umaskini hauigizwi: wewe mambo yakikushinda, utampigia baba simu aje kukutoa. Sikilizeni jinsi wimbo unavyoanza polepole, kama mazungumzo, halafu unaongeza kasi na hasira kidogo kidogo mpaka mwisho anakaribia kupasuka. Mwezi uliofuata, bendi ya The Stone Roses ilijitoa kwenye Glastonbury, tamasha kubwa la muziki la Uingereza, kwa sababu mpiga gitaa wao, John Squire, alivunjika mfupa wa bega. Pulp wakaitwa kuziba nafasi, na umati ule wote ukauimba wimbo huo pamoja nao. Miaka 17 tangu bendi ianzishwe!

Different Class ikatoka Oktoba 1995, na mwaka uliofuata ikachukua Mercury, tuzo ya albamu bora ya mwaka. Fedha ya tuzo wakaipeleka kwa War Child, shirika la kusaidia watoto walioko vitani. Kama bidhaa, toleo la kwanza ni la kupendeza sana: jalada lina dirisha lililokatwa, na ndani kuna picha 12 za kuchagua, unaweka unayoitaka mbele. Mojawapo ni picha ya harusi ya kweli, ambamo picha za wanabendi, zilizokatwa kwenye karatasi ngumu, zimesimamishwa kati ya watu. Na ndani wameandika ombi: usisome mashairi huku muziki unapiga. Liheshimuni. Jarvis huongea zaidi kuliko anavyoimba, kwa hiyo hata ambaye Kiingereza chake ni cha darasani atayapata maneno mengi kwa sikio.

Baada ya hapo ikaja This Is Hardcore, 1998, na hii ndiyo kubwa kuliko zote kwangu. Najua wengi watanipinga. Mpiga gitaa na fidla, Russell Senior, alishaondoka, umaarufu umemchosha Jarvis, na albamu inafunguka kwa wimbo unaoitwa The Fear. Wimbo wenye jina la albamu ni mrefu, mzito, tarumbeta zake zinatambaa. Ni sauti ya mtu aliyekitafuta kitu miaka yote, akakipata, na hakimtoshi. Haikuuza kama iliyotangulia. Isikilizeni mkiwa peke yenu, na msiiguse kabla ya Different Class.

We Love Life ya 2001, iliyotayarishwa na mwimbaji mkongwe Scott Walker, imejaa miti na hewa safi. Nzuri, tulivu. Kisha wakanyamaza.

Walirudi jukwaani 2011, na tena 2023, mwaka ambao mpiga besi wao Steve Mackey alifariki dunia. Albamu ya nane, More, ilitoka Juni 2025, miaka 24 baada ya ile ya saba. Wameiweka wakfu kwa Mackey, na iliingia chati ya Uingereza ikiwa namba moja. Jarvis sasa ana zaidi ya miaka 60, anaimba mapenzi ya uzeeni na ndoa zilizovunjika bila kujifanya kijana. Mwezi huohuo wakatokea Glastonbury bila kutangazwa kwa jina lao.

Kwa hiyo, mwenye fedha ya albamu moja achukue Different Class, na akiweza atafute toleo la miaka 30, lenye tamasha lile la Glastonbury 1995 ndani yake. Ya pili This Is Hardcore, ya tatu More. Na mkikuta mkusanyiko uitwao Countdown, someni nyuma ya jalada kwanza: humo mna nyimbo za kabla ya 1993 tu, Common People hamtaikuta.