Tathmini ya huduma: kuondoa uhifadhi wa kiotomatiki katika programu ya sataranji, karakana ya Kijitonyama

Darasa letu la sataranji kwa vijana wa Magomeni hutumia kompyuta za mtumba zilizonunuliwa Kariakoo, pamoja na programu huria ya kutunza na kuchambua michezo. Programu hiyo inatufaa kwa mengi, lakini ilikuwa na kipengele kimoja kilichoharibu kumbukumbu zetu: ilihifadhi faili bila kumuuliza mtumiaji, kila kete iliposogezwa na kila tawi la uchambuzi, yaani miendo ya kujaribia tu, lilipoongezwa. Kazi ya kukiondoa tuliikabidhi kwa karakana ndogo ya mafundi wa programu iliyopo Kijitonyama, jirani na kituo cha Sayansi, na huduma yao ndiyo ninayoipima hapa.

Ukubwa wa tatizo hauonekani kwa haraka kwa mtu asiyecheza. Kifungu cha 8 cha sheria za FIDE, shirikisho la sataranji la dunia, kinamtaka mchezaji aandike miendo yake na ya mpinzani wake mmoja baada ya mwingine, na kinasema kwamba karatasi zinazoandikwa miendo hiyo ni mali ya mwandaaji wa mashindano. Kwetu, karatasi hizo huingizwa kwenye kompyuta kwa muundo wa PGN, uliobuniwa na Steven J. Edwards mwaka 1993, nao ni maandishi ya kawaida tu: vichwa saba vya lazima vinavyotaja shindano, mahali, tarehe, raundi, wachezaji wawili na matokeo, kisha miendo yenyewe, huku matawi ya uchambuzi yakiwekwa ndani ya mabano na maelezo ndani ya mabano ya mawimbi. Kijana anapofungua mchezo wa Jumamosi iliyopita na kujiuliza ingekuwaje kama farasi angekwenda upande mwingine, swali lake ni la masomo na anastahili kulijaribu kwa uhuru kamili. Kwa kipengele kile, jaribio lake liliandikwa papo hapo juu ya mchezo halisi, na pale alipochagua tawi lichukue nafasi ya mstari mkuu, mchezo uliochezwa kweli ulipotea. Mbaya zaidi, faili moja lilipofunguliwa katika kompyuta mbili za mtandao wa darasani, aliyesogeza kete mwisho alifuta kazi ya mwenzake, na hakuna aliyepata onyo.

Wapo waliokitetea kwa sababu ya umeme, wakisema kwamba LUKU ikiisha ghafla angalau kazi inakuwa imehifadhiwa. Hoja hiyo ingekuwa na uzito kama programu ingeandika nakala mpya pembeni, ikamaliza, ndipo ikaibadilisha na ya zamani. Hii iliandika moja kwa moja juu ya faili lililopo, kwa hiyo umeme ukikatika katikati ya uandishi, faili hubaki nusu na michezo ya chini yake haisomeki tena.

Fundi aliyeshika kazi, binti mwenye utulivu mkubwa, aliupitia msimbo, yaani maandishi ambayo programu huundwa kwayo, kabla ya kutaja bei, jambo ambalo kwa mafundi wengi wa jijini ni nadra. Sisi tuliomba kitufe cha kuwasha na kuzima. Alitujibu, “Mwalimu, kitufe mwanafunzi atakiwasha bila kujua, na mtarudi hapa na tatizo lilelile.” Naona alikuwa sahihi kabisa. Aliondoa amri ya kuhifadhi iliyofungwa kwenye kila mwendo, akaweka alama ya nyota kwenye jina la dirisha pale mabadiliko yanapokuwa hayajahifadhiwa, na programu sasa huuliza kabla ya kufungwa. Kwa ajili ya umeme aliweka nakala ya dharura katika folda tofauti, isiyogusa faili la asili kamwe, na uhifadhi wa hiari nao sasa unaandika pembeni kwanza.

Kilichonipa imani zaidi ni namna alivyothibitisha kazi yake. Kwa kuwa PGN ni maandishi, alilinganisha mafaili yetu mstari kwa mstari kabla na baada ya kipindi kizima cha mazoezi, mbele yetu, tukaona kwamba hakuna herufi iliyobadilika pale ambapo hakuna aliyebonyeza kuhifadhi. Malipo yalikuwa ya maelewano, nusu mwanzoni na nusu baada ya majaribio hayo.

Kasoro zipo. Kazi ilichelewa kuliko tulivyoahidiwa, na simu za kuulizia zilijibiwa kwa kusuasua. Pia tulikabidhiwa programu iliyokwisha kuundwa bila msimbo wake, ingawa GPL, leseni ya programu huria inayoilinda programu hii, inampa anayepokea toleo lililorekebishwa haki ya kupata msimbo, na inataka marekebisho yatajwe pamoja na tarehe. Tulipodai, tulipewa vyote bila ubishi, lakini mteja asiyeijua leseni angeondoka mikono mitupu, na toleo jipya la programu likitoka angelazimika kulipia kazi ileile upya. Atakayepeleka kazi ya namna hii aandikishe sharti la msimbo katika makubaliano tangu siku ya kwanza, na aombe fundi ayapeleke marekebisho kwa watunzaji wa programu yenyewe. Kwa upande wetu ombi hilo limekubaliwa, ila bado halijatekelezwa.