Kindergeld au BAföG: mtoto mwanafunzi akitimiza miaka 18 Ujerumani

Kindergeld, posho ya serikali kwa ajili ya mtoto, hulipwa mzazi bila kujali kipato chake: euro 255 kwa mwezi mwaka 2025. Mtoto akitimiza miaka 18 posho hii hukoma, isipokuwa mzazi apeleke Familienkasse, ofisi inayoilipa, uthibitisho kwamba mtoto anasoma. Hapo huendelea hadi atimize 25. Pesa hupotea hapa: cheti cha chuo hakipelekwi, malipo yanakatika, na ombi likichelewa hulipwa malimbikizo ya miezi 6 tu. Baada ya shahada ya kwanza, kazi ya zaidi ya saa 20 kwa wiki huweza kuifuta posho hii.

BAföG, msaada wa serikali kwa wanafunzi, huombwa na mwanafunzi mwenyewe, na kipato cha wazazi hupimwa, kwa kawaida cha miaka miwili nyuma. Kikiwa kimeshuka tangu hapo, aombe kitumike cha sasa. Nusu ni ruzuku, nusu mkopo usio na riba. Marejesho hayazidi awamu 77 za euro 130, yaani euro 10,010. Miezi iliyotangulia ombi hailipwi kabisa, kwa hiyo barua fupi ya maombi itangulie, vielelezo vifuate.

Kindergeld haihesabiwi kuwa kipato kwenye BAföG. Ombeni zote mbili.