Pumba na mashudu ya nazi wakati wa kaskazi: uzoefu wangu

Nafuga ng'ombe wawili wa maziwa, machotara wa Friesian, huku Dole, Unguja. Masika sina shida, majani yanafika kiunoni. Shida ni jua la kaskazi. Januari kijana wangu alikuwa akizunguka na baiskeli asubuhi nzima, anarudi na mzigo mmoja wa majani makavu. Ng'ombe anayekamuliwa akashuka kutoka lita 8 hadi 5.

Nikanunua pumba za mahindi na mashudu ya nazi, yale ya mbata iliyokamuliwa mafuta, si chicha ya jikoni. Nachanganya kopo mbili za pumba kwa moja ya mashudu, na chumvi kidogo. Siku ya kwanza, kwa pupa yangu, nilimtilia ndoo nzima. Kulipokucha banda lote limejaa kinyesi cha majimaji, na maziwa yamepungua zaidi. Nikaanza upya na nusu kilo, nikapandisha kidogokidogo kwa siku 10 hadi kilo 4, mbili asubuhi na mbili jioni. Wiki ya tatu akarudi lita 8. Muuzaji aliniambia atafika 12. Hizo sijaziona.

Kwa bei za kwetu, kati ya lita 3 alizoongeza, 2 zinarudi dukani kulipia chakula, moja ndiyo yangu. Si haba, maana na mbavu nazo zimeacha kuhesabika. Lakini majani sikuacha hata siku moja, hata kama ni migomba iliyokatwakatwa. Pumba tupu humvuruga tumbo. Maji nayo ukibania, umepoteza pesa zako.

Kilichoniudhi ni gunia la pili la mashudu. Nilitia mkono nikakuta joto ndani, mabonge, na kuvu la kijani. Nikampigia muuzaji, akasema, "Lianike tu juani, litakaa sawa." Jua halitoi sumu ya kuvu, na sumu hiyo ng'ombe akiila huingia kwenye maziwa, na maziwa yale wanakunywa wajukuu zangu. Nikalimwaga jaani. Pesa hakurudisha.

Gunia la tatu nililifungua palepale dukani, nikatia mkono hadi kiwiko kabla ya kulipa. Akanuna. Na anune.