Mafuta ya nazi ndani ya chupa ya pampu: uzoefu wangu hapa Bukavu

Nilikusudia kuandika sifa. Siku nilipoileta chupa hii nyumbani niliiweka juu ya meza kabla hata ya kuvua viatu, na mdogo wangu akaigeuzageuza mkononi akisema, “Yaya,” yaani dada, “hii tusiifungue, tuwe tunaiangalia tu.” Ilistahili kuangaliwa: kioo kizito cha rangi ya kahawia, ambacho hupunguza mwanga unaoharibu mafuta, etiketi ya karatasi isiyong’aa yenye jani moja la kijani, kamba ya katani iliyozungushwa shingoni, na pampu nyeusi juu yake. Nilitoa dola 8 bila kuomba nipunguziwe, jambo ambalo wanaonifahamu hawataliamini.

Kioo ndicho kilichonivuta. Anayeishi Bukavu anajua plastiki tunazotupa mferejini huishia wapi: mvua huziteremsha hadi ziwa Kivu, maji huzisogeza polepole hadi mto Ruzizi unapoanzia, na hapo huziba mitambo ya umeme mpaka mitaa ikalala gizani. Amri ya serikali yetu ya Kongo, ya mwisho wa mwaka 2017, ilikataza mifuko na vifungashio vya plastiki, lakini sokoni Kadutu utafungiwa nyanya katika mfuko mweusi na hakuna atakayeshtuka. Kwa hiyo, nilipoona mtu ametia mafuta ya mwili ndani ya kioo, nilijiambia kwamba huyu amefikiri.

Hakufikiri. Asubuhi ya pili, au labda ya tatu, nilikuwa nimetoka kuoga, mwili bado una maji, mtoto ananisubiri nimpake kabla ya kwenda shule, nikabonyeza pampu ikawa ngumu kama jiwe. Nikabonyeza tena kwa kiganja chote. Ndani yake ulisikika mlio mdogo wa springi, kisha kichwa cha pampu kikazama na hakikurudi juu. Nilipoiinua chupa kwenye dirisha niliona mafuta yote yamekuwa meupe, yameganda kuanzia chini hadi shingoni, na ule mrija mwembamba umesimama katikati kama utambi ndani ya mshumaa.

Sasa nieleweke vizuri: kuganda si kosa la mafuta. Mafuta halisi ya nazi huanza kuganda joto likishuka chini ya digrii 24 hivi, na mji wetu uko kwenye mwinuko wa mita 1,500 hivi, ambako usiku hatulali bila blanketi. Huko pwani yanakotengenezwa, mafuta hayohayo hukaa yakitiririka sehemu kubwa ya mwaka, na nina hakika pampu hiyo hufanya kazi vizuri sana juu ya meza ya aliyeichagua. Lakini mtu anayepeleka bidhaa Bukavu angeiacha chupa moja ilale huku usiku mmoja tu, angeona. Tena etiketi inaamrisha, kwa Kifaransa na Kiingereza na bila neno hata moja la Kiswahili, kwamba mafuta yahifadhiwe mahali penye ubaridi! Niliitii etiketi, na utii huo ndio ulioniponza.

Nikawasha mbabula, jiko letu la makaa. Nilipasha maji yakawa vuguvugu, kwa kuwa nilihofia kioo kisipasuke, nikaitumbukiza chupa na kusubiri. Mafuta yaliyeyuka baada ya muda, lakini etiketi nayo iliachana na kioo, wino ukasambaa, na lile jani la kijani likawa linaelea ndani ya sufuria. Karatasi na gundi zisizostahimili maji zimewekwa kwenye kitu kinachokaa bafuni! Mtoto alikwenda shule akiwa na magoti meupe. Usiku ule mafuta yakaganda tena, na makaa, kama mjuavyo, hayagawiwi bure.

Hayo yote ningeyameza. Nilirudi dukani kwa adabu, nikamweleza binti aliyeniuzia, nikamwomba kifuniko cha kawaida tu mahali pa pampu, maana ile imebanwa kwa pete ya chuma na haifunguki kwa mkono. Hakuigusa chupa. Alinitazama kuanzia kitambaa cha kichwani hadi kandambili, akasema, “Mama, hivi ni vitu vya kisasa, vinahitaji mtu anayejua kuvitumia.” Kulikuwa na wateja wengine wawili, na mmoja alicheka. Nimewafuma watu nywele kwa miaka mingi, nimeshika mafuta ya kila aina, na binti ambaye ningeweza kumzaa ananifundisha kubonyeza pampu.

Kabla ya siku ile hukumu yangu ilikuwa nyepesi: mafuta ni mazuri, chombo ni kibaya, nunueni wakati wa joto. Kila nikikumbuka kicheko kile, naona hata mafuta yenyewe hayanukii nazi kama nilivyodhani. Hapana, hilo si kweli, na sitaki kusema uongo kwa sababu ya hasira. Yananukia vizuri, hayanati, na ngozi ya mwanangu ambayo hukauka na kupasuka kila kiangazi imelainika. Lakini simshauri mtu kutoa dola 8 kwa ajili ya chombo cha kutazama. Mama mmoja pale Kadutu huuza mafuta ya mawese katika makopo ya zamani ya siagi ya karanga, mdomo mpana, unaingiza kijiko au vidole vitatu, na yakiganda unakwangua. Hakuna jani wala katani, na hakuna mteja anayemrudia kulalamika.

Mwishowe mdogo wangu aliikata ile pete kwa koleo, tukayeyusha mafuta kwa mara ya mwisho na kuyamimina katika kopo kama hilo, na tangu hapo tunayatumia kila asubuhi bila shida. Yakiisha, huenda nikanunua mengine, ila si katika duka lile, na nitakwenda na kopo langu mkononi. Chupa imekuwa ya kuwekea maua. Pampu bado iko dirishani: ni plastiki iliyoshikana na springi ya chuma na kijipira kidogo ndani, haiwezi kutenganishwa, haiungui vizuri, na nikiitupa mferejini najua itakakokwenda.