Seti ya DNA yenye vichujio vya silika kwa majani ya mkorosho: nyota tatu kati ya tano

Seti hizi za kutolea DNA kwenye majani huuzwa kwa ahadi ya kazi ya haraka isiyo na klorofomu. Kwa mahindi au mpunga, ahadi inatimia. Kwa mkorosho, ukifuata kijitabu chake neno kwa neno, vichujio utavitupa.

Kijitabu kinataka miligramu 100 za jani bichi. Jani la mkorosho limejaa tanini na ute: likishakaa kwenye maji ya kuvunjia seli kwa nyuzi 65, mchanganyiko unavutika kama mlenda, kichujio kinaziba, na utando wake mweupe unabaki na duara la kahawia. DNA inayotoka ina umanjano. Kipimo cha usafi cha 260/280 (uwiano wa mwanga unaofyonzwa kwenye nanomita 260 na 280) kinaweza kusoma 1.8 na kukudanganya. Tazama cha 260/230. Kikiwa chini ya 1, PCR (kunakili kipande cha DNA mara nyingi) inaweza kugoma. Kabla ya kulaumu praima (vipande vifupi vya DNA vya kuanzishia kunakili), zimua DNA mara kumi urudie. Mistari ikitokea kwenye jeli, tatizo ni uchafu, si uhaba wa DNA.

Tumia miligramu 50 za jani changa, lenye wekundu bado na lisilokakamaa. Lisage kwenye naitrojeni ya maji, kisha, kabla ya kufungua chupa yoyote ya seti, osha unga huo kwa sorbitoli 0.35 M yenye PVP (polima inayonasa tanini) asilimia 1 na merkaptoethanoli asilimia 1 (ndani ya kabati la kuvuta hewa, inanuka na ni sumu). Zungusha kwenye sentrifuji kwa 5,000 g (mara 5,000 ya mvutano wa dunia, si gramu) dakika 5, mwaga maji ya juu, rudia mpaka ute uishe. Hapo seti inafanya kazi.

Ila ukishaosha hivyo, CTAB (sabuni ya maabara ya kutolea DNA bila seti) ya asilimia 2 yenye chumvi 1.4 M na PVP itakupa DNA nyingi zaidi kwa gharama ndogo. Seti inafaa kuhakiki miche ya kitalu kwa mikrosatelaiti (vipande vya DNA vinavyojirudia, vya kutofautishia aina), ambako nanogramu 10 hadi 20 kwa kila PCR zinatosha. Kwa kusaka alama mpya za SNP (tofauti za herufi moja ya DNA), kazi inayodai DNA nyingi, safi na isiyokatikakatika, rudi kwenye CTAB.

Halafu kuna kosa ambalo hakuna seti italirekebisha. Kwa mche uliobebeshwa, chuma jani la juu ya kiungio. Chipukizi la chini yake ni la mbegu iliyobebeshewa, si la AC4, aina ya mkorosho ya kituo cha utafiti wa kilimo cha Naliendele, Mtwara, unayoihakiki, na mwenye kitalu ataitwa tapeli kumbe aliyekosea ni mchuma majani.