Kubadili oili ya giaboksi kwenye Benzi 230E ya 1983: fundi wa Gerezani aliyemwaga mpaka konveta

Wakuu habari zenu, naandika kwa wenye Benzi za zamani za otomatiki hapa Dar, hasa zile za bodi ya W123 ambazo wengi tumerithi kwa wazee. Yangu ni 230E ya 1983, ilikuwa ya baba, na sitaki kabisa ije ifie mikononi mwangu.

Mwaka jana niliipeleka gereji moja wanibadilishie oili ya giaboksi. Wakafungua nati ya sampo (bakuli la oili chini ya giaboksi), zikatoka lita tatu na kitu, wakajaza, nikalipa, nikaondoka. Wiki haijaisha nachomoa dipstiki oili imesharudi rangi ya chai ya rangi, na asubuhi ukiweka D gari inasita halafu inapiga teke.

Sasa juzi jamaa yangu kanipeleka kwa mzee mmoja Gerezani, hana bango wala nini, ana shimo na kibanda cha mabati basi. Nikampa shikamoo, akaitika, akaniomba dipstiki kabla hata sijaeleza shida. Akadondosha tone kwenye karatasi nyeupe, akanusa, akanisogezea na mimi ninuse. "Haijaungua hii mwanangu, ni chafu tu. Waliomwaga wameacha ya kwenye konveta."

Hapo ndo nilipoelewa. Kwenye hizi Benzi torki konveta (lile dude la mviringo lenye oili, kati ya injini na giaboksi) ina nati yake ya kumwagia, lakini huioni mpaka uzungushe injini taratibu kwa spana kule mbele kwenye puli ya krenki hadi nati ije ikae kwenye kidirisha cha chini ya nyumba ya giaboksi. Mzee alikuwa chini, kijana wake juu anazungusha, "ongeza… ongeza… simama!" Akaingiza aleni ki ya milimita 5, ikatoka oili nyeusi nyingi ambayo wale wa kwanza waliichanganya na mpya yangu, yaani hela yangu yote ilikuwa imemwagwa juu ya uchafu.

Sampo ikashushwa. Chini kulikuwa na tope laini la kijivu, akalipitisha kwenye vidole akasema huo ni msago wa kawaida wa klachi, wa kuogopa ni vipande vya chuma vinavyong'aa. Filta imeshikwa na skrubu tatu, akaweka mpya na gasketi mpya, na bolti za sampo akakaza kwa mkono mwepesi kwa kupishanisha, maana ukizikaza kwa nguvu gasketi inafinyika na inavuja.

Oili nilienda nayo mwenyewe, aina ya Dexron III. Angalieni sana hapa, dukani walitaka kunipa ya Toyota na mwingine akanipa ya CVT (giaboksi za mkanda), eti zote ni ATF, yaani oili ya giaboksi za otomatiki. Hapana, gari hizi zilitoka na Dexron II na ya kuifuata ni III. Akaanza na lita nne, akawasha, akaiacha ingurume bila kukanyaga mafuta, ikiwa kwenye P, huku anaongeza kidogo kidogo, akapitisha gia zote mguu kwenye breki, halafu tukazunguka mpaka Kurasini na kurudi ndo akapima, kwa sababu kipimo cha kweli ni oili ikiwa ya moto na injini inawaka. Kati ya alama ya chini na ya juu ni kama theluthi moja ya lita tu, ukimimina bila kupima unazidisha na ikizidi inatoa povu. Jumla ziliingia kama lita sita.

Matokeo: D inaingia bila kishindo, ya tatu kwenda ya nne siisikii. (Kuondokea gia ya pili ukikanyaga taratibu ndivyo ilivyoundwa, msidanganywe kwamba giaboksi imechoka.)

Ubaya wake, ni kazi ya siku nzima, nimefika saa mbili asubuhi nimetoka saa kumi na moja jioni, risiti hakuna, na mvua ikinyesha shimo linajaa maji kazi inasimama. Ila kwa ufundi nampa tano kwa tano. Aliniambia nirudi baada ya wiki, nikarudi, bolti moja ya sampo ilikuwa inatoa jasho, akaikaza kidogo, nikatoa hela akakataa, akasema "hiyo ni yangu, sikuimaliza siku ile."