Wiki nane na nyumba ya Atreus: uzoefu wangu wa kozi ya mtandaoni kuhusu tanzia za Wagiriki

Sababu iliyonifanya nijiandikishe katika kozi hii haikuwa ya kitaaluma. Miaka sita iliyopita mdogo wangu wa kiume, akiendesha pikipiki usiku, alimgonga mtoto wa baba yetu mdogo, na mtoto yule akafariki kabla ya kufikishwa hospitali. Aliyefariki alikuwa wetu na aliyemgonga alikuwa wetu, na katika vikao vya ukoo vilivyofuata niliwaona watu waliolelewa pamoja wakishindwa kukaa mkeka mmoja. Baba mdogo alisamehe kwa kinywa chake mbele ya wazee; mwanawe mkubwa alikataa, na hadi leo hajakanyaga kwetu. Kwa hiyo nilipokuta tangazo la kozi ya wiki nane kuhusu undugu na haki katika tanzia, yaani tamthilia za mikasa, za Ugiriki ya kale, nililipa shilingi laki mbili na nusu siku ileile, na sasa nimeimaliza.

Kozi inafundishwa kwa Kiingereza. Kila wiki zinawekwa video mbili za kama dakika arobaini, linafuata darasa la moja kwa moja siku ya Alhamisi usiku, kisha maswali ya kuchagua jibu, na mwishoni kabisa insha moja. Wiki tatu za mwanzo ni za Oresteia ya mtunzi Aeschylus, tamthilia tatu zilizoigizwa Athens mwaka 458 kabla ya Kristo (KK) katika sikukuu ya mungu Dionysus na kupata tuzo ya kwanza. Ndizo tamthilia tatu pekee za mfululizo mmoja wa kale zilizotufikia zikiwa pamoja. Wiki mbili ni za Antigone ya mtunzi Sophocles, wiki moja ni ya sheria ya mauaji ya Athens, moja ya mtunzi Euripides, na ya mwisho ni ya majadiliano.

Wiki zile tatu za kwanza ndizo zilizonifanya nione kuwa fedha yangu haikupotea. Hadithi yenyewe wengi wanaijua: mfalme Agamemnon, mwana wa Atreus, anamtoa kafara binti yake Iphigenia ili merikebu zipate upepo wa kwenda Troy, anaporudi baada ya miaka kumi, mkewe Clytemnestra anamuua, kisha mwana wao Orestes, kwa amri ya mungu Apollo, anamuua mama yake ili kulipa damu ya baba. Mhadhiri hakuiharakisha. Alitumia karibu video nzima kwa mhusika ambaye nisingemjali kama ningesoma peke yangu, mlezi mzee wa Orestes anayeitwa Cilissa. Mama huyu ni mtumwa. Ameletewa habari ya uongo kwamba Orestes amekufa, naye analia akikumbuka mtoto aliyempokea mikononi mwake: usiku alivyokuwa akiamshwa na kilio chake, na jinsi mtoto wa nguoni asivyoweza kusema kama ana njaa, ana kiu au anataka kukojoa, kwa kuwa tumbo la mtoto halingoji amri ya mtu. Anasema ilimbidi abashiri, na mara nyingi alikosea, akawa mlezi na mfuaji wa nepi kwa wakati mmoja. Dakika chache baadaye Clytemnestra anamfunulia Orestes titi lake na kumwambia amhurumie mama aliyemnyonyesha. Mhadhiri alituuliza swali moja tu: kati ya wanawake hawa wawili, mwenye dai la ulezi ni nani? Sikulala vizuri usiku ule, kwa maana nilikuwa nimezoea kudhani kwamba udugu ni jambo ambalo damu peke yake inalithibitisha.

Orestes mwenyewe anasita. Anamgeukia rafiki yake Pylades, ambaye muda wote amekuwa kimya, na kumuuliza afanye nini, na Pylades anasema mistari mitatu, ambayo ndiyo pekee aliyonayo katika tamthilia nzima: heri kuwafanya watu wote maadui kuliko kuwafanya miungu maadui.

Tamthilia ya tatu ni kesi mahakamani, na hapa kozi ilinifundisha jambo ambalo sikulitarajia. Orestes anafuatwa na Erinyes, miungu wa kike wanaodai damu ya mama. Wanapoulizwa kwa nini hawakumfuata Clytemnestra alipomuua mumewe, wanajibu kwamba mume yule aliyeuawa hakuwa wa damu ya mkewe. Orestes anauliza: je, mimi ni wa damu ya mama yangu? Wakati wote nilikuwa nikingojea sheria ije kutoka nje kuiamua familia, kumbe mahakama yenyewe inabishania nani ahesabiwe kuwa familia. Apollo anajibu kwa hoja iliyoniudhi sana, kwamba mama si mzazi bali ni mlezi wa mbegu iliyopandwa na baba, na nilishukuru kwamba mhadhiri hakujaribu kuipamba. Waamuzi wa Athens wanapiga kura wakati Apollo na Erinyes wakijibizana kwa beti kumi za mistari miwili miwili na moja ya mistari mitatu. Athena, mungu wa kike wa mji huo, anampigia Orestes kura na kutangaza kwamba kura zikilingana mshtakiwa ataachiliwa, nazo zinalingana. Kama kura ya Athena ndiyo iliyoleta ulingano au ndiyo iliyouvunja, wataalamu bado wanabishana, na tulioneshwa hoja za pande zote mbili kwa kufuata idadi ya beti zile, ikidhaniwa kwamba kila ubeti ni nafasi ya mwamuzi mmoja kupiga kura.

Sehemu nyingi za masomo ya aina hii huishia hapo, Orestes akiwa huru. Kozi hii ilibaki na walioshindwa. Erinyes wana hasira na wanatishia kuitia nchi sumu, na Athena hawafukuzi. Anawabembeleza mara nne, anakubali kwamba heshima yao ni ya zamani kuliko yake, kisha anawapa makao chini ya ardhi ya Athens na sehemu katika ibada za mji. Nilimfikiria mtoto mkubwa wa baba mdogo. Katika vikao vyetu vyote hakuna aliyekaa naye hivyo. Tulikuwa na haraka ya kupata neno samahani.

Nalo somo la sheria lilinigusa moja kwa moja. Sheria ya mauaji ya Draco, mtunga sheria wa Athens, iliyotungwa karne ya saba KK, ilichongwa upya kwenye jiwe la marumaru mwaka 409/408 KK, na sehemu ya jiwe hilo ipo hadi leo. Inahusu aliyeua bila kukusudia: atakwenda uhamishoni, na ataweza kusamehewa na baba wa marehemu, ndugu zake na wanawe, lakini wote kwa pamoja, na akitokea mmoja anayekataa, huyo anayekataa ndiye anayeshinda. Wasipokuwepo hao, wanatafutwa jamaa hadi kufikia mabinamu. Nililisoma sharti hilo mara tatu. Mimi nilikuwa nimemhesabu binamu yangu kuwa mkaidi aliyevuruga suluhu ya wakubwa. Waathens walimpa mtu kama yeye nafasi ndani ya sheria, na mashtaka ya mauaji kwao yalifunguliwa na jamaa wa marehemu, si na dola. Sisemi utaratibu ule ungetufaa. Nasema ulinifanya nimwone kama mwenye haki yake.

Kuhusu Antigone nina malalamiko. Antigone, binti wa Oedipus aliyekuwa mfalme wa Thebes, anamzika kaka yake Polyneices ingawa mfalme Creon amekataza, kwa sababu Polyneices aliushambulia mji wake mwenyewe. Video ni nzuri, hasa pale mlinzi anapoeleza jinsi alivyomwona msichana akilia kwa sauti kali kama ndege aliyekuta kiota kitupu, makinda yamechukuliwa, kisha akichota vumbi kavu kwa mikono na kummwagia maiti tambiko mara tatu kutoka katika chombo cha shaba. Lakini katika maswali ya wiki hiyo kulikuwa na moja lililouliza nani alikuwa na haki, na jibu sahihi lilikuwa moja tu, Antigone. Niliandika kupinga, na sikupata jibu. Kozi ileile ilikuwa imetufundisha kwamba mwaka 343 KK Demosthenes, msemaji mashuhuri wa Athens, aliifanya hotuba ya kwanza ya Creon isomwe mahakamani kama mfano wa maneno ya mzalendo, na kwamba sheria ya Athens ilikataza msaliti kuzikwa katika ardhi ya Attica, yaani nchi ya Athens, ndiyo maana mwanahistoria Thucydides anasimulia kuwa mifupa ya Themistocles, jemadari aliyehesabiwa msaliti, ililetwa huko kwa siri. Watu walioujua mkasa huu kwa namna hiyo hawawezi kuwa walikuja ukumbini wakiwa na jibu moja mfukoni.

Tafsiri ya Kiingereza tuliyopewa nayo ilinisumbua. Neno la Kigiriki philos, linalobeba jamaa na rafiki pamoja, lilitafsiriwa hapa kwa neno moja na pale kwa lingine, hata uzi ukapotea. Katika daftari langu niliandika “ndugu” kila mahali, na mambo yakanyooka: Creon anasema anayemweka ndugu mbele ya nchi yake si kitu, na Antigone anamjibu baadaye kwamba amezaliwa kushiriki undugu, si uadui. Lakini undugu huo haumfikii dada yake Ismene, anayeomba afe pamoja naye na kukataliwa kwa maneno makali. Kozi ilimpitia Ismene kwa dakika mbili tu, na kwangu hilo ni kosa kubwa, kwa kuwa ndiye ndugu pekee aliyebaki hai.

Kabla ya kufa Antigone anasema asingefanya hivi kwa ajili ya mume wala mtoto, kwani mume angempata mwingine na mtoto angemzaa tena, ila mama na baba wakiwa kuzimu, hakuna kaka atakayezaliwa tena. Mwaka 1827 mshairi Mjerumani Goethe alitamani mtu athibitishe kwamba mistari hiyo si ya Sophocles, ingawa mwanafalsafa wa kale Aristotle tayari alikuwa ameinukuu. Wenzangu darasani waliona ni hesabu ya ajabu. Mimi ambaye wazazi wangu wote wawili ni marehemu sikuiona ajabu hata kidogo.

Wiki ya Euripides ni dhaifu. Kuweka tamthilia zake tatu, Medea, Electra na Orestes, katika video mbili ni kutowatendea haki wanafunzi wala mshairi.

Kwa anayetaka kujiunga: Kiingereza chako kiwe cha kusoma bila kamusi, na uzisome tamthilia nne kabla ya wiki ya kwanza, kwa sababu video hazisimulii hadithi. Aliyewahi kusoma Mfalme Edipode, tafsiri ya Samuel Mushi ya tamthilia ya Sophocles, atakuwa tayari anaijua nyumba aliyotoka Antigone. Video ni nzito, hivyo zipakue usiku bando linapokuwa nafuu, na usikose darasa la Alhamisi, ambalo halirekodiwi. Insha yangu ilikuwa juu ya sharti lile la Draco. Nimeitafsiri kwa Kiswahili, nikachapisha nakala mbili, moja nikampa mdogo wangu. Ya pili imo ndani ya bahasha yenye jina la binamu yangu, na Jumamosi nitaipeleka mwenyewe.